Baruti Isiyo na Moshi

Mume wangu alichagua baruti kama mimi ninavyochagua mbegu. Hakujali maneno ya muuzaji. Mfanyabiashara wa Kirangi aliyekuwa akituletea bidhaa kutoka Kondoa alipofungua mkebe wake, mume wangu alichota chembe chache, akazisugua kwa vidole, akazinusa, kisha akaomba kaa la moto. Baruti ilimwagwa juu ya kigae cha chungu na kuwashwa. Ikilipuka mara moja, pu, na kuacha kigae karibu safi, alinunua. Ikizubaa na kuacha masizi mengi, alimrudishia mwenyewe bila ugomvi. Nilimtania kwamba mimi mwenyewe hakunichunguza hivyo alipokuja kuposa.

Tulikaa kwenye vilima vya Kibakwe, wakati Mjerumani, ambaye sisi tulimwita Mdachi, akitawala. Mdachi alituogopesha, sikatai, lakini alikuwa mbali kule bomani Mpwapwa. Nyani walikuwa hapo hapo kwenye majabali juu ya shamba letu, wakituangalia tukipanda kana kwamba tumeajiriwa nao. Ulinzi wetu ulikuwa gobori la mume wangu, bunduki ya zamani inayolishwa kila kitu mdomoni: kwanza baruti, kisha tambara, kisha risasi, vyote vikishindiliwa kwa ufito wa chuma. Kipimo chake cha baruti kilikuwa pembe ndogo ya digidigi. Pembe moja, siku zote.

Mwaka ule mahindi yalikuwa yanakaribia kukomaa na mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumelala njaa, kwa hiyo shamba lile nililitazama kwa roho juu. Mvua ikanyesha mfululizo, tembe letu, nyumba ya paa bapa la udongo, likavuja, na maji yakaingia kwenye kibuyu cha baruti. Tuliianika ikakauka, lakini juu ya kigae ilitoa mvuke na harufu mbaya tu. Mrangi wetu asingerudi mpaka njia zikauke, na nyani walishaanza kushuka mchana kweupe.

Ndipo akarudi shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa amekwenda kubeba mizigo ya Mzungu mmoja mwindaji, na safari hiyo ilimrudisha akiwa anajua kila kitu. Alifungua fundo la nguo yake akatoa risasi za bunduki ya Mzungu, nyembamba, zenye maganda ya shaba, alizopewa kwa sababu zilikuwa zimebonyea. Kwenye gobori zisingefaa hata kwa dawa. Lakini alizing'oa vichwa, akamimina kilichokuwamo ndani, akasema hii ndiyo baruti ya kisasa, haitoi moshi.

Ilikuwa vipande vidogo vya kijivu vinavyong'aa. Mume wangu aliisugua, akainusa, hakuitambua. Akaiweka kwenye kigae na kuitia kaa. Haikulipuka. Iliwaka polepole kwa ulimi wa manjano, kama mafuta ya kondoo yaliyodondokea jikoni, mpaka ikaisha. Mume wangu alitikisa kichwa akasema baruti hii ni dhaifu. Shemeji naye, kwa kuwa hakutaka zawadi yake idharauliwe, akasema basi dawa yake ni kuizidisha: pembe mbili badala ya moja. Wakakubaliana.

Mimi nilikuwa nasaga uwele pembeni, na kunyamaza hakujawahi kuwa kazi yangu. Nikaacha kusaga.

"Shemeji," nikamwuliza, "huyo Mzungu wako alimwangusha nyati kwa kitu gani?"

"Kwa hii hii."

"Ganda hilo halijazi hata pembe ya mume wangu. Kama kidogo hicho kinamwua nyati, nyani anahitaji pembe mbili za nini?"

Shemeji alicheka akaniambia unga ndio unaonihusu. Mume wangu hakucheka, ila alisema kigae hakijawahi kumdanganya. Akapima pembe mbili, akashindilia. Niliogopa. Nikamwambia asiliweke begani, alifunge kwenye mti na kuvuta kifyatulio kwa kamba, akiwa mbali. Alikasirika. Afunge bunduki kama mbuzi, majirani wamwone? Nikamjibu kwamba basi leo hakuna atakayekula chakula changu, na kesho vile vile, na alijua sitanii. Akachukua ukanda wa ngozi, akaenda zake bondeni na mdogo wake, akinung'unika.

Mlio ulipokuja haukuwa mlio wa gobori ninaoujua. Ulikuwa mkali, mfupi, na vilima viliurudisha mara kadhaa. Kisha kimya. Wazo lililonijia ni moja tu: amenidanganya. Amefika nisikomwona akaliweka begani. Nikakaa pale chini na unga miguuni, nikimtukana kwa sauti kubwa huku nalia.

Nilimwona shemeji kwanza, amebeba kitako cha gobori tu, uso umemshuka. Nyuma yake akatokea mume wangu. Alishika mtutu, na mtutu ulikuwa umepasuka na kujikunja kama ganda la kunde lililokauka. Nilimkagua kuanzia kichwani: macho, masikio, shavu, vidole. Vyote vilikuwapo. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba aliufunga kwenye panda ya mgunga, wakajificha nyuma ya jabali, na pale ambapo angelaza shavu lake, chuma kimezama ndani ya mti. Kumbe baruti ile ni mpole ikiwa wazi tu; ikifungiwa ndani ya mtutu, nguvu yake inaipita yetu mara nyingi.

Majirani walikuja kumpa pole kwa bunduki yake. Waliketi kwa huzuni, kwa kuwa gobori halipatikani hivi hivi, na kibali cha lingine kutoka bomani ilikuwa ndoto. Mimi nilishindwa kabisa kuhuzunika. Nilichinja kuku, nikawapakulia wageni huku natabasamu, mpaka mama mkwe akanikonyeza nijizuie. Sikujizuia. Mahindi tuliyalinda kwa ngoma na mawe, shemeji akiwa mbele kwa hiari yake, nami nikimwita Bwana Bila Moshi. Nyani walikula walichokula. Tulichovuna kilitutosha.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, nilipompa mume wangu kitu, kibuyu cha maji au bakuli la uji, sikukiachia upesi. Siku moja aliniuliza kama namnyima. Nikamwambia hapana, pokea. Akanyoosha mikono yote miwili akapokea, nami nikaitazama mikono hiyo, mizima, mpaka uji ukaanza kupoa.