Mafuta ya Jumamosi

Fundi magari Uweso wa Makorora, Tanga, hakujua nusu. Ukienda kwake atakumiminia chai mpaka sahani iogelee, na ukilalamika atakucheka, "Nusu ni ya bahili!" Mtu mwema, wallahi, lakini wema nao unataka kipimo.

Jumamosi aliitia mafuta difu ya teksi kuukuu ya Zebedayo, yale mafuta mazito ya ekseli ya nyuma. Gari lilikuwa limeinuliwa upande kwa jeki, likameza kupita kiasi. Uweso akajaza pomoni, kisha akaongeza kidogo cha baraka.

Jumanne asubuhi Zebedayo alirudi mbio, uso umemsawijika.

"Shikamoo, fundi. Breki za nyuma zimekufa, na mke wangu yu mahututi!"

Benedikta, mkewe, alikuwa kwa wazazi wake juu mlimani Amani. Tumbo limemkamata tangu juzi, hata maji hayapiti. Hospitali ya kumpasua iko Tanga, na gari la kumshusha ni hilohilo.

Uweso akaingia garini, akaliendesha polepole, akavuta breki ya mkono, ambayo hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Gari likaendelea kama halikuambiwa neno. Akalitia jeki, akafungua dramu ya kushoto. Lainingi, vile vipande vya breki vya kushika gurudumu, zimelowa mafuta chapachapa. Ya kulia vivyo hivyo.

"Sili zimechakaa," alisema. "Ndizo zinazoyazuia mafuta ya difu yasiingie kwenye breki. Zaagizwa Mombasa. Ijumaa, Mungu akipenda."

"Ijumaa nitakuwa nimeshazika!"

Uweso akaziosha lainingi kwa petroli, akazipiga msasa, akafunga. Kisha akamshika Zebedayo mkono.

"Huku tambarare zitashika. Lakini kwenye kona zile za mlima mafuta yatarudi, na mtaingia bondeni wewe na mgonjwa wako. Liache gari chini, abebwe kwa machela. Nakuapia, usilipandishe."

"Wewe ndiwe ujuaye, fundi," alisema Zebedayo, akaondoka.

Siku mbili Uweso alifanya kazi sikio likiwa nje. Kila gari likinguruma alitoka barabarani, akarudi. Angefanya nini?

Alhamisi alasiri Zebedayo alirudi peke yake. Wanaume sita walimbeba Benedikta tangu alfajiri ya Jumatano. Alikata roho kwenye kona ya mwisho, gari wanaliona pale chini. Wakamrudisha juu, wakamzika kwao.

Jamani! Uweso akalitia gari jeki, angalau mikono ipate kazi. Akafungua dramu. Lainingi kavu. Akafungua ya pili. Kavu, na gari limekwenda na kurudi maili sabini. Akapitisha kidole kwenye sili, nzima, hata ufa hazina. Akafungua kizibo cha difu. Mafuta yamesimama palepale yanapotakiwa. Yaliyovuja yalikuwa yale ya ziada, yaliyofurika yakazipita hata sili nzima, aliyoyajaza Jumamosi kwa mkono wake mwenyewe, nayo yalikwisha kutoka yote. Gari lingepanda na lingeshuka salama.

Zebedayo akachuchumaa kando yake, akamwekea mkono begani.

"Fundi, kule msibani wote wanakuombea. Mama mkwe amesema, bila wewe angezika wawili. Mungu akulipe."

Uweso akafungua mdomo. Kidole kilikuwa bado kwenye tundu la difu.

"Amina," alisema.