Shimo la Mazuku Kisiwani

Rafiki yangu, mwezi uliopita nilipanda pirogi, mtumbwi wa ziwani, na mdogo wangu wa kike, tukavuka mpaka kwenye kisiwa tulikopigia kambi utotoni. Nilijidai naenda kupumzika. Uongo mtupu! Nilikuwa na jambo la kumwambia, jambo nililolibeba tangu nikiwa na miaka tisa, na lilikuwa limenichosha.

Kisiwa chenyewe ni kirefu, chembamba, kimepinda, kinakinga ghuba ndogo isipigwe na mawimbi ya ziwa. Kila vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule, mwalimu wa katekisimu alitupeleka huko siku tatu, sisi watoto wa Katindo na Murara, mitaa ya mjini kwetu. Tulilala chini ya mabashi, maturubai ya plastiki yaliyofungwa kwenye miti, tukaoga mpaka meno yakagongana, tukachota maji kwa bidoni, yaani madumu, na kusugua masufuria kwa changarawe nyeusi. Mpishi alikuwa mama wa mama yetu, tuliyemwita Koko. Bugali yake, sombe yake ya majani ya muhogo, na zile sambaza, visamaki vidogo vya ziwa letu, alizokaanga mpaka zikawa zinavunjika mdomoni! Hata leo nikizikumbuka nameza mate.

Koko alikulia Mugunga, kwenye ardhi ya volkano kando ya mji, na watu wa kule wana desturi yao. Kabla mtu hajatandika mkeka, Koko alichukua kijinga cha moto akakiteremsha taratibu mpaka karibu na ardhi. Moto ukiendelea kuwaka, lala salama. Ukizimika, ondoka haraka, hapo pana mazuku: hewa mbaya inayotoka ardhini, haionekani, inajaa mashimoni na kumuua mbuzi akiwa bado na majani mdomoni.

Mwalimu, mtu wa upande wa Bukavu, alimcheka. "Koko, mazuku ni ya Mugunga. Huku maji inatuzunguka fasi yote."

"Mimi siulizake maji," Koko akajibu. "Ninauliza udongo."

Tukacheka sote, na mimi kwa sauti kubwa kuliko wengine. Nilikuwa na mdomo, we!

Siku ya pili asubuhi upepo ulikuwa umelala, nasi tukacheza kujificha. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano na hakujua kujificha hata kidogo, kwa sababu alikuwa anacheka. Mara mbili tulikamatwa kwa ajili yake. Nilikasirika. Nikamvuta mkono mpaka nyuma ya kambi, kwenye shimo lenye majani mabichi, kina chake kikinifika kifuani. Shimo lile Koko hakulipima, kwani nani angelala mle? Nikamwingiza kwa kumshika mikono, nikiwa nimesimama ukingoni. "Lala humu. Usinyanyue kichwa mpaka nikuite."

Nilishinda mchezo. Halafu Koko akaita chakula, nikasahau. Ndiyo, nilisahau. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Koko aligawa chakula kwa kuita majina. Alipofika kwa mdogo wangu, hakuna aliyekuja kupokea. Akanigeukia. "Mudogo yako iko wapi?" Nikaonyesha kwa kidole tu.

Sikuwa nimewahi kumwona Koko akikimbia. Siku ile alikimbia, kijinga mkononi. Pale ukingoni akakiteremsha, na moto ukazimika kabla haujagusa majani. Mwalimu alitaka kuruka ndani, Koko akamsukuma kifuani. "Usiiname mule! Na weye utalala!"

Mdogo wangu hakuwa pale nilipomlaza. Alikuwa juu ya jiwe kubwa lililokuwa ndani ya shimo, amejikunja, amefumba macho. Koko alivuta pumzi, akafunga mdomo, akaingia akiwa wima, akamnyakua na kumbeba juu ya kichwa mpaka kwenye mwamba ulioelekea ziwa.

"Amuka, mama. Amuka, mama yangu," Koko akamwambia mjukuu wake.

Mimi nilikuwa namwahidi Mungu kwamba nitakuwa masera, mtawa wa kanisa, nitafua nguo za nyumba nzima, sitacheka mtu tena. Ndipo mtoto akakohoa, akatapika, akapiga kilio. Jamani! Sijasikia kitu kitamu kama kilio kile. Mwalimu akaketi chini, analia na kucheka pamoja. Na mtoto, unajua aliuliza nini? Kama sambaza zimekwisha. Kumbe alikuwa amesikia harufu yake, akapanda jiwe achungulie, na lile jiwe lilimwinua kutoka kwenye ile hewa. Ulafi wake ndio uliomwokoa.

"Nani alimweka mle?" mwalimu akauliza.

"Mutoto alitembea peke yake," Koko akasema bila kuniangalia. "Mimi sikupima huku. Kosa ni yangu."

Hakunipiga, hakunisema, siku ile wala nyingine yoyote. Mwaka uliofuata mwalimu mwenyewe alizunguka kisiwa kizima na kijinga mkononi, akipima hata chini ya sufuria.

Kambi zile zimekwisha. Koko amefariki, mwalimu alihama, na wale tuliolala nao chini ya bashi moja wametawanyika, wengine sijui hata kama wako hai. Wanaofika kisiwani siku hizi wanapiga picha na kurudi mjini kabla jua halijapungua. Shimo limemezwa na vichaka. Safari hii tuliketi karibu nalo, mdogo wangu, ambaye sasa ana watoto watatu, akimenya chungwa. Nikamwambia yote: ni mimi niliyekulaza mle, ni mimi niliyekusahau. Nikalia kama mjinga.

Hakushtuka. "Yaya," akasema, kama anavyoniita mimi mkubwa wake, "ninajua. Koko aliniambia mwaka ule ule."

"Na miaka yote hii ulinyamaza?"

"Alinikataza kukuuliza. Alisema, siku yaya yako atasema yeye mwenyewe, weye umukumbatie tu."

Akaweka chungwa chini, akafungua mikono. "Basi, kuja."