Chumba cha Bibi Asumini

Harufu ya udongo mbichi ndiyo iliyonirudisha Temeke ya utoto wangu. Juzi mjukuu wangu Shamte alikuwa anachimba msingi hapa uani kwangu Kiwalani, anataka kuongeza chumba, nami nikabaki kibarazani nanusa tu.

Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo. Baba, Mzee Nachinga, aliyekuwa akitoka alfajiri kwenda kazini na kurudi giza limeingia, aliamua kuongeza chumba ubavuni, amlete mama yake, Bibi Asumini, kutoka Newala. Ilikuwa kiangazi. Fundi Likwata akapima kwa hatua, akasema, "Hapahapa, Mzee. Pamelala kama mkeka."

Mie nilijua kwa nini pamelala. Kila masika maji ya mtaa mzima yalipita pale, na mie na Tatu, mtoto wa jirani, tulikuwaga tunashindanisha vifuu vya nazi. Lakini Baba alishaniahidi kwamba nitalala na bibi. Nikaogopa chumba kisije kikaahirishwa, nami nibaki nabanana na kaka zangu. Nikanyamaza.

Siku ya kukandika kuta majirani walijaa, udongo ukakanyagwa kwa miguu na nyimbo, tukala ubwabwa. Bibi akaja. Miezi miwili nililala nanusa ugoro wake, napiga chafya, nina raha.

Kisha masika. Asubuhi moja ukuta ulilainika kama uji, ukalala chini. Bibi kajikunyata kitandani, kakumbatia sanduku lake, maji yanapita chini. "Nachinga, mwanangu, ndo umenijengea mtoni?"

Watu wakacheka. Tatu akadakia, "Si pale petu pa vifuu!"

Baba akanigeukia. "Ulijua?"

Hakunipiga, bora angenipiga. Wiki ileile Bibi alirudi Newala, na sikumwona tena.

Nilijilaumu miaka. Mpaka nimeolewa, nakaa na mama mkwe wangu mwenyewe, ndipo nikakumbuka ni nani aliyekuwaga akinitoa kwenye maji yale kwa fimbo kila masika. Mama. Naye siku ya kukandika chumba cha mama mkwe wake alibeba maji ndoo kwa ndoo, hakusema neno.

Sasa juzi Shamte ananiuliza, "Bibi, hapa panafaa?" Nikamwambia aweke koleo chini, amwite mkewe na watoto, awaulize mvua ikinyesha maji hupita wapi. Na akishauliza, asiondoke mpaka wamjibu.