Nondo ya Shaba Miyuji

Niliondoka Gulwe asubuhi moja kwa sababu lori la kokoto lilikuwa na nafasi na dereva hakuniuliza naenda wapi. Mimi pia sikujiuliza. Shule niliiacha darasa la sita; tangu hapo nilikuwa nimechimba vyoo, nimechunga ng'ombe wa watu, nimebeba magunia ya alizeti soko la Majengo. Nikishaielewa kazi, naiacha.

Lori liliniteremsha Miyuji, Dodoma. Nikatembea mpaka nikamkuta mwanaume nyuma ya nyumba moja akigonga nondo nyembamba ya shaba ardhini. Kila akiigonga inanesa, haizami. Nikasimama.

"Shikamoo, fundi."

Akageuka. Nilikuwa nimemzidi umri kwa miaka kadhaa. "Kaka, unaniamkia mimi? Unataka nizeeke leo?"

"Nataka kujua hiyo nondo ni ya nini."

Alikuwa fundi umeme. Mama mwenye nyumba, mtumishi wa serikali, alikuwa anapigwa shoti kila akigusa jiko lake na mikono yenye maji. Fundi akanieleza kwamba umeme ukivuja, waya wa ethi unaupeleka kwenye nondo, na nondo inaupeleka ardhini. Tatizo ni udongo wa huku. Ukikauka, hauupokei.

"Kumbe umeme nao unataka maji?"

"Kama watu wa Dodoma wote."

Nikamwomba anifundishe kazi. Akanipa nyundo. "Izamishe hiyo. Nikipima ikikubali, unabaki na mimi. Ikikataa, safari njema."

Wachimba vyoo wana njia yao na ardhi ngumu: unamwaga maji, unasubiri, unagonga. Nikamaliza ndoo nzima, nondo ikazama yote. Fundi akachomeka vijiti vya kipimo chake, namba ikatoka ndogo, na alikuwa ameshanieleza kuwa ndogo ndiyo inayotakiwa. Nikacheka mwenyewe.

"Nipike sasa?" mama akauliza kutoka mlango wa jikoni.

"Bado, mama. Hapa tumepima ndoo ya huyu bwana." Akanigeukia. "Maji yako yakikauka, jiko linamrudia. Mimi nitakuwa nimeshaondoka, yeye ndiye atakayeshika sufuria. Ing'oe."

Nikaing'oa, nikijua safari imenirudia. Lakini mikono ilipokuwa inavuta, nilikumbuka kwamba tukichimba choo huwa tunakwepa sehemu yenye unyevu, kuta zisije zikaanguka. Hapa tulikuwa tunaitaka hiyo hiyo.

"Mama, maji ya kuoga yanaelekea wapi?"

"Kule kwenye majani, kuna shimo lake. Watoto watatu wanaoga, halikauki."

Fundi akaangalia majani, akaangalia urefu wa waya aliokuwa nao. Akanyanyua vijiti vyake, akatangulia.

Kule nondo ilizama bila ndoo. Namba ilitoka kubwa kuliko ile ya kwanza. Nikaenda kuokota kifurushi cha nguo nilichokuja nacho.

"Unaenda wapi? Hii haijazidi kiwango, inafaa. Ni ya udongo wenyewe, si ya ndoo." Akaufunga waya, akaingia jikoni, akawasha jiko na kulipima kwa kifaa chake. Kisha akampisha mama.

Mama alilowanisha mkono, akabaki ameunyoosha hewani. Akaweka kidole kimoja, kisha kiganja kizima.

"Limenyamaza," akasema, akaenda kutafuta sufuria.

Nje, fundi alinitwisha mfuko wa vifaa. "Umetumia akili ya chooni, lakini imefaa. Unalala wapi?"

"Sijajua."

Akanipeleka mtaa wa pili, kwenye nyumba isiyo na milango. Alikuwa ameshavuta waya vyumba vyote. "Huu ukilala peke yake, asubuhi hatuukuti. Utalala nao."

Nilichagua chumba kisicho na upepo, nikatandika mifuko mitupu ya saruji, nikamuuliza swichi iliyokuwa ukutani inawasha taa ipi.

"Haiwashi kitu. Nyumba haina umeme."

"Nauliza tu."

"Kesho utauliza ukiwa umeshika tindo," akasema, akaondoka na baiskeli yake.