Jiko la Kubana Joto

Nikiwaambia watu kwamba nyumbani kwetu Temeke tuliwahi kukaa kikao cha kuchagua jiko la kupashia chumba joto, wanadhani nawatania. Temeke! Sehemu ambayo ukivaa shati jeupe asubuhi, mchana limekuganda mgongoni. Lakini ndo hivyo, kikao tulikaa, tena zaidi ya kimoja, na kila mtu alikuwa na ujinga wake wa kuchangia.

Kilikuwa kipupwe, miezi ile ambayo Dar nzima inajifanya ina baridi. Wauza maandazi wanavaa makoti ya mtumba yenye manyoya shingoni, yaliyoshonwa kwa ajili ya watu wa theluji. Mie nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, yaani nipo nipo tu, na aliye nipo nipo tu ndo anatumwa na kila mtu. Dada yangu alikuja kujifungulia kwetu, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Akajifungua salama, mtoto wa kike. Kesho yake akaingia shangazi, dada yake baba, katokea Kimbiji kuja kumkanda mzazi, na tangu hapo nyumba haikuwa ya mama tena.

Sheria ya shangazi ilikuwa moja: joto. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na chumba chake kinatiwa moto mpaka arobaini iishe.

"Mzazi yuko wazi huyu," alikuwa anasema, "mifupa yote imeachia. Upepo ukimwingia saa hizi, hautoki mpaka uzeeni. Mnaniona mie kiuno changu? Waliacha mlango wazi."

Akafunga dirisha, akachukua khanga ya dada, nyekundu, mpya kabisa, akaikunja na kuisindilia kwenye upenyo wa juu ya kioo. Kisha akasukuma jiko la mkaa uvunguni mwa kitanda. Ndani humo analala dada na mtoto.

Sasa, kwao Kimbiji mambo hayo yanawezekana. Nimelala sana kwenye nyumba ya shangazi. Juu makuti, na kati ya ukuta na paa pana nafasi paka anapita bila kuinama. Hata uwashe tanuri humo ndani, hewa inaingia na kutoka inavyotaka. Ila ya kwetu baba alikuwa ndo kwanza ameimalizia, miaka ile biashara ilipofunguliwa, vitu vikajaa madukani na kila mtu akapata wazimu wa kununua. Vioo dirishani, siling bodi nyeupe, mlango wa mninga unaoziba kama mfuniko wa sufuria. Baba alikuwa akija mgeni anamfungia na kumfungulia mlango ule mara tatu ili ausikie. Shangazi alihamisha mila, hakuhamisha nyumba.

Dada akaanza kuumwa kichwa. Halafu akawa anatapika. Nikasema. Nilisema wazi, sebuleni, mbele ya wote, kwamba mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichozibwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu, na hiyo ndiyo inayompa dada kichwa.

"Moshi uko wapi?" shangazi akauliza. "Nionyeshe."

"Hauonekani shangazi. Hauna rangi wala harufu."

"Basi kama hauonekani ni shetani huyo, si moshi. Mashetani niachie mie, mwalimu." Akaingia chumbani, akaongeza ubani juu ya makaa.

Mama alikuwa katikati. Anamwogopa wifi yake, na mwanaye anamuuma. Na mama akibanwa huwa ana dawa moja, kununua kitu. Akasema tatizo ni jiko lenyewe, bovu, la bati, linakula mkaa na kutema moshi. Tutafute jiko la kisasa. Wote wakafurahi. Mie niliona kama watu ambao paa linavuja, wanakwenda dukani kuchagua ndoo nzuri.

Wa kwanza kuleta jawabu alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Mjomba alikuwaga mtu wa kawaida tu, mpaka alipokwenda Dubai mara moja. Akarudi na miwani ya jua na kiwanja Tegeta, na tangu siku hiyo hakuna jambo duniani asilolijua. Akaingia kwa mbwembwe na boksi kifuani.

"Dada, yamekwisha," akamwambia mama. "Hita hii. Wazungu wanalala nayo mpaka asubuhi. Haina mkaa, haina jivu, na umeme inakula kidogo mno, kama redio."

"Hita?" shangazi akashangaa. "Si ile ya kutia ndooni ukachemshia maji?"

"Hiyo ya kwenu ya zamani, shangazi. Hii inachemsha hewa."

"Hewa ichemke, iive, tuile na nini?"

Hata dada alicheka huko ndani, na alikuwa hajacheka tangu ajifungue. Mjomba akachomeka plagi. Vile vyuma vikaanza kuiva, vyekundu, vizuri kweli, mama akapiga vigelegele. Vigelegele havijaisha, pakasikika *pap*, giza. Fyuzi ya nyumba imekwenda, na ya jirani tuliyekuwa tunachangia naye waya wa umeme nayo imekwenda. Jirani huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa Njombe, mpole, ila siku hiyo alikuwa anapiga pasi sare.

"Mmefanya nini tena huko?" akaita juu ya ukuta.

"Tunapasha chumba joto!" mjomba akajibu, hana hata aibu.

"Joto? Dar es Salaam?" Tukamsikia anacheka mpaka anakohoa. "Jamani nyie watu wa pwani! Hii hali ya hewa kwetu ndo tunavua sweta!"

Mjomba akasema tatizo si hita, tatizo ni nchi haijawa tayari. Akaibeba, akaondoka nayo.

Basi ikaja zamu ya jiko la kubana. Ndo yalikuwa yameanza kuvuma, yale ya bati nje na udongo ndani, ya kubana matumizi ya mkaa. Mama alisikia kwenye msiba kwamba mkaa wa siku moja unakwenda siku mbili. Akanichukua tukaenda Buguruni, kwenye vibanda vya mafundi bati. Muuzaji alikuwa kijana na mdomo wa kutosha wauzaji kumi. Jiko linawaka mbele yake, sufuria ya maharage juu.

"Shika ubavuni, mama. Shika bila wasiwasi!"

Mama akagusa kwa kidole, akakitoa, akakirudisha. Mwisho akaweka kiganja kizima, akanitazama kama kaona muujiza. "Halichomi!"

"Haliwezi kukuchoma. Joto lote limebanwa na udongo humo ndani, linakwenda kwenye sufuria. Nje hakitoki kitu. Na moshi huuoni."

Nikamuuliza mama, "Sasa kama joto halitoki nje, dada ataota nini? Sie hatupiki uvunguni. Sie tunataka chumba kipate joto, na mwenyewe anakwambia sifa ya jiko lake ni kutotoa joto."

Muuzaji akanitazama juu mpaka chini. "Sista, umesoma?"

"Ndiyo."

"Inaonekana. Mama, msomi huyu mwache nyumbani siku nyingine, utanunua vitu vizuri."

Mama akacheka naye! Akacheka na muuza majiko juu ya mwanaye mwenyewe, kisha akalinunua. Njiani akawa ananielimisha. Halina moshi, kwa hiyo halina madhara. Linabana, kwa hiyo ni zuri. Neno lile *kubana* lilikuwa limemwingia kama wimbo. Nikamwambia mkaa unaowaka vizuri ndo hauna moshi, na sumu iko palepale. Akanijibu nibebe jiko vizuri lisipasuke udongo.

Nyumbani shangazi akalipokea kwa heshima, akaliwasha, akalisukuma uvunguni. Baada ya muda akaingiza mkono chini ya kitanda kupima.

"Mbona baridi?"

"Linabana, wifi," mama akasema.

"Linambania nani? Mzazi? Jiko lina choyo hili!"

Mtu mwenye akili angelirudisha jiko jikoni. Shangazi akaongeza mkaa mpaka ukafurika mdomoni. Halafu, kwa kuwa joto ni dogo, akaona lisipotee, akachukua gunia akaziba chini ya ule mlango wa mninga. Hakuna aliyemzuia. Moshi si haupo? Ule moshi mbaya wa jiko la zamani, ulioturarua macho, angalau ulikuwa unamlazimisha mtu kufungua mlango akohoe nje. Jiko zuri liliondoa hata hiyo bahati. Nilipolisema hilo niliambiwa nikachambue mchele.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Shangazi anaswali, mama kajilaza. Nikaenda kumpelekea dada uji. Nikasukuma mlango, gunia likagoma, nikasukuma kwa bega. Dada macho wazi, amelala ubavu, titi liko nje, na mtoto mdomo wake uko pale kwenye chuchu lakini hanyonyi. Kichwa kimelegea.

"Dada, uji."

"Weka... weka huko kwa..." Hakumaliza. Alikuwa anaongea kama mlevi.

Nikaangusha kikombe. Nikamnyakua mtoto, nikatoka naye mbio mpaka uani, kwenye jua kali la kipupwe lisilo na baridi yoyote, huku napiga kelele. Nilimpulizia usoni, nikamtikisa miguu. Hakuna kitu. Jirani wa Njombe akaruka, kweli akaruka ule ukuta na kitenge chake, akamchukua, akamgeuza, akamsugua mgongo kwa nguvu. "Mmewasha mkaa ndani? Mmewasha mkaa mkafunga?" Mtoto akakunja uso. Akapiga chafya. Kisha akalia, kilio kidogo kibovu, kama mlango unaohitaji mafuta, na sijasikia tena kitu kitamu kama kile.

Tulipogeuka, dada alikuwa mlangoni anatambaa. Mzazi wa siku chache, kwa magoti na viganja, nywele zimemwangukia usoni, anaufuata ule mlio. Mama akamkimbilia. Yeye akampita mama, akafika kwenye mkeka nilioanikia mchele, akajitupa juani, akanyoosha mikono apewe mwanaye.

Shangazi akatoka na msala wake mkononi. "Mrudisheni ndani! Upepo! Upepo utamwingia!"

"Uniingie," dada akasema. Alikuwa anahema. "Shangazi shikamoo yako nakupa, heshima yako nakupa. Humo mie sirudi."

"Mwanangu, arobaini..."

"Arobaini nitaimalizia hapa kwenye mchele."

Alasiri tukampeleka mtoto zahanati. Nesi alimpima, akasema amepona, kisha akatugombeza mpaka mama akalia. Shangazi hakugombezwa. Alikataa kuja, alisema ana kiuno.

Jioni ile ile wakaja majirani kumwona mzazi, na nikiwa namimina chai nikasikia shangazi anawaeleza, bila kupepesa jicho, kwamba yeye ndiye aliyeamuru mzazi na mtoto watolewe juani, maana jua la kipupwe lina dawa. Wote wakaitikia. Mama naye akaitikia. Kidogo nimwagie mtu chai.

Tangu hapo dada alikandwa uani nyuma ya pazia la magunia, mchana akawa anaota jua kwenye mkeka. Jiko la kubana likahamia jikoni, likawa linaivisha maharage vizuri, na mama akawa anawasifia wageni kwamba amechagua mwenyewe.

Usiku dada hakukubali kulala chumbani mpaka baba amng'olee kioo kimoja cha dirisha, na baba aliking'oa akinung'unika kama anang'olewa jino. Khanga ile nyekundu dada aliichomoa mwenyewe dirishani, akaikung'uta jivu, akamfunga nayo mtoto kifuani. Shangazi alimwomba mara mbili ampe aizibie pale palipobaki wazi. Dada alikaza fundo, akaendelea kunyonyesha.