Kibuyu Kilichomlaza Mzee

Kwenye kliniki ya Kitengela ninakotibiwa wasiwasi (ndiyo, hata mchekeshaji ana moyo unaodunda ovyo), wiki iliyopita mtaalamu wetu alitupitishia kichupa cha mafuta ya maua. Kazi yake ni kututuliza kwa vitu vya kunusa na kushika. Mfugaji mmoja wa Mashuuru, ambaye hajalala vizuri tangu ukame ummalizie ng'ombe, alinusa akakunja uso.

"Daktari, hii ni harufu ya choo cha hoteli. Nitalala aje na niko chooni?"

Tulicheka hadi viti vikalia. Mtaalamu hakununa. "Basi mzee wangu, kwako nyumbani ni nini kinanukia vizuri?"

Mkewe, aliyekaa kando yake, akafungua kikapu, akatoa kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, jinsi akina mama wa Kimaasai wanavyofanya ili maziwa yanukie moshi. Mzee akatia pua mdomoni mwa kibuyu. Mabega yakashuka. Akafumba macho. Halafu, mbele yetu sote, akakoroma.

"Msimuamshe," mkewe alinong'ona, akifuta macho. "Hiyo sauti nimeitafuta sana."

Kwa kikao cha jana, kila mtu aliambiwa alete harufu ya kwao. Mimi, mtoto wa ziwa, nilifungua mfuko wa omena, dagaa wakavu wa kwetu, nikavuta pumzi, nikatulia kabisa. Kikundi kizima kilikimbilia dirishani.

Mzee akakumbatia kibuyu chake. "Rafiki, funga hiyo. Unataka kuniharibia usingizi na ndio nimeupata?"