Treni Iliyokwama Ndani ya Mlima wa Kaka

Jumanne ile kaka yake Dada Reli alinawa mikono, akaacha plasta ya mlima wa mfano ikiwa mbichi, akasema anatoka kidogo kunywa chai. Hakufika mgahawani. Moyo wake ulisimama njiani.

Leo, wiki tano baadaye, saa mbili asubuhi, fundi ambaye wanafunzi humwita Dada Reli amesimama mbele ya meza ya mita sita katika karakana ya chuo cha reli. Juu yake kuna reli ndogo, mabonde, daraja na mlima mmoja. Hapo ndipo wanafunzi watakapojifunza kuongoza treni.

Anabonyeza swichi. Treni inazunguka bonde, inaingia handakini, ndani ya mlima.

Haitoki.

"Mara ya nne tangu jana," anamwambia wifi yake, mjane wa kaka, aliyekuja kumshikia taa.

Miaka kumi na moja walifanya kazi hii pamoja. Kaka alipanga miinuko, yeye alitandika reli. Kanuni yao ilikuwa hii: katika kila mita moja, njia isipande zaidi ya sentimita mbili. Na kila mlima uwe na mlango nyuma, wa kupitisha mkono. Kaka alizoea kuukata plasta ikishakauka. Wa mlima huu hakuwahi kuukata.

"Naogopa alikosea mteremko," anakiri. "Siku zile alikuwa anachoka haraka. Nikasema uchovu tu."

Treni isipopita kufikia Alhamisi, chuo kitamwita fundi mwingine, naye atavunja kila kitu aanze upya. Kujua tatizo, lazima aukate mlango ule mwenyewe, lakini msumeno unaweza kuupasua mlima mzima, na kwenye plasta bado zinaonekana alama za vidole vya kaka.

Mkufunzi anachungulia mlangoni. "Dada, treni isiyotoka shimoni si treni. Ni panya."

"Basi niletee paka, mwalimu."

Wanacheka. Mkufunzi anaondoka, na kicheko kinaondoka naye.

Wifi anainua taa. Dada Reli ameshika msumeno, lakini bado hajakata.

"Kata, wifi," anasema mjane. "Mwenyewe alikuwa anakata huku anapiga mluzi."

"Na ukipasuka?"

"Utapasuka. Kwani unadhani yumo humo ndani?"

Dada Reli anaanza kukata, taratibu, kama anayekata kucha za mtoto aliyelala. Ufa unachomoza, unapanda kuelekea kileleni. Unasimama karibu kabisa na alama za vidole.

Kipande kinatoka. Anaitoa treni, anaingiza pimamaji, anasoma, anasoma tena. Mteremko ni sahihi. Anapapasa reli kwa kidole, polepole, hadi kidole kinapokwama. Vipande viwili vya reli havikugusana. Kuna mwanya mwembamba kama ukucha, na umeme wa treni unakatikia hapo.

Anakaa chini.

"Kuunga reli ni kazi yangu," anasema. "Tangu jana nimemshuku marehemu, kumbe kosa ni langu."

"Angekucheka mwaka mzima," anasema wifi, akijifuta macho kwa kiganja.

Dada Reli anaubana mwanya, anairudisha treni relini, anabonyeza swichi. Treni inaingia. Wifi anamulika tundu la upande wa pili mpaka kichwa cha treni kinapotokeza.

Alhamisi wanafunzi kumi na wanane wanaanza masomo. Chuo kimeshaagiza meza ya pili, yenye milima miwili. Miinuko yake ataipanga Dada Reli, peke yake. Hajawahi kupanga hata mmoja.